Maua ya Shaba Nyuma ya Jiko

Kuna kitu hunawiri pale ambapo vingine vyote hukauka. Usiumize kichwa, jibu nakupa sasa hivi: ni ua la shaba. Ni kijimea cha kufika magotini, maua yake ya zambarau iliyopauka, na hapa Katanga hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba likiota mahali, chini yake kuna shaba. Wazee wetu walilifuata hivyo, wazungu wakawafuata wazee wetu, na leo wachimbaji wanalifuata wakiwa na simu mfukoni na sururu begani.

Sasa lilikuwa limeota mjini Lubumbashi, mtaa wa Katuba, nyuma ya jiko la Mama Abi.

Wa kwanza kuliona alikuwa Guelor, mnunuzi wa mawe ya madini. Alikuja Jumanne asubuhi kuchukua simu yake kwa Edouard, mume wa Mama Abi, ambaye ni fundi wa simu. Edouard ana kibanda chake barabarani, lakini simu zenye ugonjwa mkubwa huzileta nyumbani kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Guelor akaomba choo. Akaelekezwa nyuma ya jiko, akaonywa akanyage taratibu, maana choo kile kilikuwa kimejaa tangu mwaka juzi na mbao zake zilikuwa zinalia. Kila mwezi Mama Abi alimkumbusha mwenye lupango, yaani mwenye kiwanja na nyumba, na kila mwezi mwenye lupango alijibu kwamba kiangazi kikifika atachimbisha kingine.

Guelor alikawia huko. Aliporudi hakuulizia simu tena.

"Mama," alisema, "ile maua ya nyuma ya jiko, weye njo ulipanda?"

Mama Abi alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta wa nyumba, mikono yake ya kijani hadi kwenye viwiko. Akacheka.

"Nani anaweza kupanda majani, papa? Iliota yenyewe."

"Iliota yenyewe," Guelor akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Akalipia simu yake bila kuomba apunguziwe, na hilo peke yake lilitosha kumtisha Edouard.

Jina lake la shule Mama Abi ni Wivine, lakini mtaani anaitwa kwa jina la binti yake, Abigaïl. Mama yake mzazi anaishi kijijini, upande wa barabara ya Kinsevere, na wanawake wa kule, mavuno yakishaingia ghalani, huchimba udongo wa rangi na kupamba nyumba zao: mweupe, mwekundu, wa manjano, na mweusi wa makaa. Mvua hula mapambo hayo kila mwaka, na kila mwaka wanawake wanaanza upya bila kulalamika. Wivine alikuja mjini na kazi hiyo mikononi. Ila yeye aliongeza vitu viwili. Cha kwanza ni kijani, ambacho alikipata kwa kusaga vijiwe na udongo ambao mama yake anamwokotea kwenye uwanda wa kule usioota miti. Cha pili ni simu zilizokufa za mume wake.

Mwaka huu ukuta wake wa mbele ulikuwa mti mkubwa. Mizizi yake iliingia kwenye matumbo ya simu, na vile vibao vya ndani vya kijani alivibandika vikafuatana kama viwanja vya mji ukiuangalia kutoka juu. Matawini kulining'inia nyaya za kuchajia, na mwisho wa kila waya alichora jani. Watu waliopita walisimama. Wengine walipiga picha. Bibi mmoja wa kanisani aliuliza kama huo ni uchawi, na Wivine akamjibu kwamba ni shamba.

*

Siku ya Alhamisi alikuja mwenye lupango, Mzee Kasimu. Ni mfanyabiashara wa vitambaa, babu zake walitoka Kasongo kule Maniema, mtu wa kofia safi na maneno ya adabu. Miaka yote minane, akija, Mama Abi humletea kiti naye hukaa, na akishakaa huomba maji. Siku hiyo kiti kililetwa, Mzee Kasimu akabaki amesimama akiwa ameshika mgongo wa kiti kama mtu aliye ndani ya gari. Nyuma yake alikuwa Guelor na kijisanduku.

"Mama Abi, sikukuya na bubaya," alisema Mzee Kasimu. "Tunapita tu pale nyuma."

Guelor akafungua kijisanduku, akatoa kile chombo ambacho wanunuzi wanapimia mawe. Kinafanana na bastola. Unakigusisha kwenye jiwe, unabana kidole, nacho kinaandika kwenye kioo chake kidogo ndani ya jiwe mna shaba kiasi gani. Akapiga goti kati ya maua, akakigusisha chini, akangoja.

"Sita," alisema. "Sita kwa mia, Papa Kasimu. Na hapa ni juu tu. Chini itakuwa namna gani?"

Mzee Kasimu hakumwangalia Mama Abi. Aliangalia kamba ya kuanikia nguo.

"Mutatoka mwisho wa mwezi," alisema. "Garantie yenu, ile mulilipa mukiingia, nitairudisha yote, sitakata hata kitu."

"Papa Kasimu! Myaka munane tunaikala hapa. Myaka yote hiyo shaba ilikuwa wapi?"

"Pale pale, mama," alidakia Guelor. "Shaba haina miguu. Na weye mwenyewe ulisema: maua iliota yenyewe."

Mzee Kasimu akaachia kiti. Alipofika kwenye geti aligeuka, akatazama ule ukuta wenye mti na simu, akatoka nje. Maji hakuomba.

*

Jioni, bukari, ule ugali wetu, ilipoa mezani. Abigaïl, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa anasukuma mboga ya lenga-lenga upande huu na upande ule wa sahani.

"Tutafute nyumba," alisema Edouard. "Tutafute mapema, mbele ya bantu kujua tunafukuzwa. Bakijua tu, bei inapanda."

"Sitatoka," alisema Wivine.

"Guelor aliniita pembeni. Anasema bakianza, ataniweka chef wa shimo, mukubwa wa bachimbaji."

"Chef wa shimo ya mu chumba yako ya kulala! Utakuwa unapiga salamu pale kitanda ilikuwa?"

Abigaïl akacheka, kisha akaona uso wa baba yake, akaacha. Edouard hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyehama mara tano utotoni mwake, mizigo kichwani, majirani wakihesabu sufuria zao zilizotoboka, na jambo moja tu aliliogopa kuliko kuhama: kuhamishwa huku watu wanatazama.

"Wivine, ile ni shaba. Nani anaweza kushindana na shaba mu Katanga? Baliondoa bantu, baliondoa makaburi. Weye na ukuta yako, batakuheshimu juu ya nini?"

Wivine alichukua beseni alilooshea jiwe lake la kusagia na vibuyu vya rangi, akatoka kumwaga maji kama alivyofanya kila jioni. Maji yalikuwa ya kijani kizito. Yalishuka kwenye kijimfereji cha ukuta, yakazunguka jiko, yakaenda kulala nyuma, mahali pale pale. Akasimama na beseni tupu mkononi. Akaona udongo wa mama yake ukisafiri: kutoka kwenye uwanda wa kule, ndani ya mfuko wa unga, juu ya kichwa chake yeye mwenyewe, na mbegu ndogo kama vumbi zimejificha ndani. Akaona mvua za misimu minane zikiosha ukuta na kushuka kwa njia hiyo hiyo.

Akarudi ndani mbio.

"Ni miye!"

"Weye nini?"

"Ile shaba. Miye njo niliileta. Na maua pia, mbegu yake iko mu ule bulongo ya mama. Guelor anasema shaba haina miguu. Iko nayo. Miguu yangu!"

"Na nani ataamini?" aliuliza Edouard.

"Ile bastola yake itaamini."

*

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, Wivine aliwaita Guelor na Mzee Kasimu. Alikuwa amejipanga kama mwalimu. Mezani aliweka jiwe la kusagia, aproni yake, na mfuko wa udongo.

"Pima," alimwambia Guelor.

Guelor akapima akitabasamu. Aproni: tatu. Jiwe la kusagia: kumi na tisa. Udongo wa mfukoni: kumi na nne.

"Sasa ukuta."

Akaenda akagusisha chombo kwenye jani kubwa la mti. Kumi na moja.

"Unaona, Papa Kasimu?" Wivine alisema, na sauti yake ikapanda kwa furaha. "Ni rangi! Mayi ya kuosha rangi inashuka hapa, inapita hapa, inafika kwa maua. Chini hakuna kitu!"

Lakini Guelor hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anagonga ukuta kwa kidole, kok, kok.

"Papa Kasimu, hii nyumba ilijengwa na matofali ya wapi?"

"Baba yangu alifyatua mwenyewe," alisema Mzee Kasimu. "Hapa hapa mu lupango."

Guelor akapiga mluzi. "Matofali ya mu lupango, na iko na kumi na moya? Papa, munalala juu ya mungodi!"

"Ni rangi!" Wivine alikwaruza jani kwa kucha zake, jani lake mwenyewe, hadi tofali likaonekana. "Pima hapa sasa!"

Chombo kikaandika nne. Ukuta haukuwa na lipu, na miaka minane rangi ya maji ilikuwa imelipenya lile tofali laini kama mchuzi unavyopenya bukari.

"Mashine haidanganye, mama," alisema Guelor kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Asante sana kwa kutuita. Mi nilifikiri ni shimo moya tu. Kumbe hata nyumba tutabomoa."

*

Maneno hayana geti. Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulijua kwamba nyumba ya Mama Abi ni ya shaba. Vijana walipita wakigusa ukuta kama wanaosalimia ng'ombe. Mtu mmoja aliuliza kama tofali moja moja zinauzwa.

Jumanne asubuhi Wivine aliamshwa na sauti: kru, kru, kru. Akatoka na kitenge kifuani. Aliyekuwa ukutani ni Ngalula, jirani wa mlango wa tatu, yule waliyekopeshana naye chumvi na makaa tangu watoto wao wadogo. Kisu mkononi, kopo la maziwa lenye vumbi la kijani kwapani.

"Ngalula!"

Ngalula aliruka, kisha akajikaza. "Voisine, jirani yangu, usikasirike. Si munahama? Si bataibomoa? Afazali muntu wa karibu akamate kidogo, kuliko bantu tusiobajua."

"Ulikata jani ya mukono ya kushoto."

"Ni jani tu, Mama Abi. Iko mingi."

"Ile jani nilifanya siku tatu." Wivine alisema polepole. Hakunyoosha mkono kuchukua kopo. "Ngalula, weye unaniona nikisaga ile rangi kila siku. Unakuyaka kuketi hapa, unanipigia hadisi, mikono yangu iko kijani. Weye pia unaamini ni tofali?"

Ngalula aliangalia chini. "Sijue. Bantu beko banasema," alijibu, akaondoka na kopo lake, na kopo halikuwa limejaa hata nusu.

Abigaïl alikuwa amesimama mlangoni akiwa na sare ya shule, machozi yanashuka. "Maman, tuhame. Banatucheka. Ku shule bananiita Mademoiselle Cuivre, ati Bibi Shaba."

Wivine alipangusa uso wa binti yake kwa upindo wa kitenge, ukabaki na mstari wa kijani kutoka jicho hadi kidevu. Akautazama ule mstari.

"Leo ukitoka ku shule, utaniletea majivu ya jiko. Yote. Na usimwage."

Jioni hiyo, mbele ya macho ya waliokuwa wanapita, mama na binti walichora kwa majivu njia ya maji. Walianzia chini ya ukuta, wakafuata kijimfereji, wakazunguka jiko, wakafika nyuma. Kila lilipokuwapo ua la shaba walilizungushia duara. Walipomaliza, maua ishirini na saba yalikuwa ndani ya ule mto mweupe, na nje yake hapakuwa na hata moja.

*

Mzee Kasimu ana duka la vitambaa sokoni. Wivine alifika kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Alimkuta akipimia mama mmoja kitambaa cha pazia, na Mzee Kasimu akamwacha asimame hadi pazia lilipopimwa, likakatwa, likakunjwa, na mama yule akaulizwa habari za watoto wake wote mmoja mmoja.

"Nakusikia, Mama Abi," alisema hatimaye, bila kunyanyua macho kutoka kwenye mkasi.

"Papa Kasimu, Guelor alikuambia atachimba na bantu bangapi?"

"Kumi. Kwa kuanza."

"Na kama hakuna kitu chini, nani atajenga nyumba ya baba yako tena?"

Mkasi ukasimama.

"Miye nitachimba," alisema Wivine. "Bure. Pale pale maua iko mingi. Jumamosi, muchana, bantu bakiona. Nitachimba hadi kifua yangu. Kama kijani itafika pale, nitahama siku ile ile, na garantie utabaki nayo. Kama haitafika, Guelor ataenda na bastola yake, na weye utaniandikia karatasi: myaka mitano hakuna muntu atanitoa."

"Weye utachimba? Mwanamuke?"

"Udongo wote wa rangi uko ku nyumba za kwetu, nani alichimba? Babwana balikuwa banakunywa pombe ya munkoyo."

Mzee Kasimu alijizuia asicheke, akashindwa. Lakini alikuwa mwuza vitambaa kwanza, na mengine baadaye.

"Myaka miwili."

"Mitano, Papa."

"Mitatu. Na ni juu ya kumuheshimu mama yako."

"Mama yangu anakusalimia. Minne."

Mzee Kasimu akasukuma mkasi pembeni. "Minne. Na kama unashindwa, Mama Abi, usilie mbele yangu. Sipendake kuona bantu banalia."

*

Jumamosi watu walijaa. Waliopanda juu ya ukuta wa lupango walipanda, waliokuja na viti walikuja navyo. Guelor alikaa kivulini na kijisanduku chake mapajani. Edouard alikuwa ndani, kwenye meza yake ya dirishani, mgongo amewapa watu, anachomelea simu ambayo haikuwa na haraka.

Wivine alifunga kitenge kiunoni, akashika jembe. Tabaka la kwanza lilikuwa la kijani-kijani, na watu wakaguna. La pili pia. Akaendelea. Urefu wa kiganja. Urefu wa kiwiko. Hapo rangi ikaanza kukatika, kama kitambaa kinachofuliwa sana, na chini yake pakatokea wekundu mtupu. Wivine akainua donge kwa mikono miwili akamwonyesha Mzee Kasimu.

"Endelea, mama," Guelor aliita. "Shaba inajificha. Ulisema kifua."

Akaendelea. Hadi magotini udongo ulikuwa laini. Baada ya hapo ulikuwa mgumu kama mkate wa juzi, na jembe likawa linaruka. Jua lilikuwa limesimama. Viganja vyake vilipasuka, akavifunga kwa kipande cha kitenge. Kijana mmoja juu ya ukuta akapiga kelele: "Maman, ukifika kwa bazungu utusalimie!" na watu wakacheka, na Wivine mwenyewe akacheka, lakini jembe likamponyoka likaanguka.

Aliinama kuliokota, akakuta mkono mwingine umekwishalishika. Edouard alikuwa ameshuka shimoni akiwa na viatu vyake vizuri.

"Bantu banakuangalia," Wivine alimnong'oneza.

"Baangalie," alisema Edouard, jasho halijamtoka bado. "Pumuzika."

Walichimba kwa zamu. Abigaïl alivuta ndoo. Ndoo ya arobaini ilipotoka, shimo lilikuwa linafika kwenye kifua cha Wivine, na pande zote za chini zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kung'aa, isiyo na doa.

"Pima," alisema Mzee Kasimu.

Guelor akashuka bila furaha. Akagusisha chombo chini, akabana kidole. Kioo kikabaki cheusi. Akabana tena. Akakipiga kwa kiganja.

"Imekufa," alisema, akapanda juu akijipangusa. "Batiri. Bon, Papa Kasimu, bila kupima hatuwezi kusema hakuna. Wacha nikuye na bantu bangu batatu ba kazi, Jumatatu..."

"Lete," alisema Edouard.

"Hii si simu, bwana."

"Iko na batiri, iko na kioo, iko na waya. Ile siku ulileta simu yako ilikuwa imekufa namna gani? Lete, Papa Guelor. Ao unaogopa itapona?"

Watu juu ya ukuta wakapiga yowe. Guelor akamtazama Mzee Kasimu, Mzee Kasimu akanyoosha mkono tu, na kijisanduku kikaenda kwenye meza ya dirishani. Edouard hakupitisha dakika kumi na tano. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye mdomo wa batiri. Alipangusa, akakaza kijichuma kimoja, akafunga. Alipokirudisha, kioo kilikuwa kinawaka. Hakumpa Guelor. Alimpa Mzee Kasimu.

"Bana hapa, Papa. Soma weye mwenyewe."

Mzee Kasimu alivua kofia, akaikabidhi kwa Abigaïl, akashikwa mkono kushuka. Alipoinama chini ya shimo ulionekana utosi wake tu wenye mvi. Kisha sauti yake ikapanda:

"Hii inaandika chuma. Chuma mingi. Shaba..." Akasogeza kioo karibu na macho. "Shaba iko paka sifuri, sifuri tupu."

Guelor alisema labda shaba iko mita mbili pembeni. Wivine alinyoosha kidole kwenye ule mstari wa majivu, uliokuwa umekanyagwa kidogo lakini bado unaonekana, kutoka ukutani hadi kwenye ukingo wa shimo. Guelor aliufuata kwa macho, mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Akafunga kijisanduku.

"Mama," alisema akiwa njiani kwenda getini, "ule ukuta wako kilo ngapi ya rangi? Nanunua."

"Hauuzwi kwa kilo," alisema Wivine.

*

Mzee Kasimu alikuwa bado ndani ya shimo. Walipomnyooshea mkono hakuushika. Alikuwa anapapasa kuta zake, anageuka, anapima upana kwa viwiko, kama anavyopima kitambaa.

"Mulinyoosha vizuri," alisema.

"Asante, Papa."

"Bafundi ya choo banalomba mingi sana, na banakuchimbia kitu imepinda."

Wivine na Edouard wakatazamana. Wivine akakaa kwenye ukingo wa shimo, miguu inaning'inia, na alianza kucheka kwanza tumboni.

"Papa Kasimu, kiangazi kimefika. Choo njo hii; inabaki paka kuongeza kidogo tu chini, na mbao, na mulango."

"Mbao nitaleta," alisema Mzee Kasimu, akiwa amekubali kabla ya kujua. "Mulango... mulango tutasema." Alipotolewa nje akapokea kofia yake, akatafuta kiti, akakaa. "Mama Abi, hamuna mayi ya kunywa mu hii nyumba?"

Karatasi aliiandika hapo hapo, juu ya meza ya simu. Miaka minne. Abigaïl aliisoma kwa sauti, na kwa kuwa alikuwa na kidole chenye udongo, chini ya jina la mama yake pakabaki alama nyekundu.

Ngalula alikuja Jumatatu. Hakuingia, aliweka lile kopo la maziwa, vumbi la kijani bado ndani, juu ya kizingiti, akakohoa ili asikike, akaanza kuondoka.

"Ngalula," Wivine aliita. "Si ulikuwa unaketi hapa? Kiti iko pale pale."

Ngalula akaketi, na kwa mara ya kwanza aliomba apewe jiwe asage yeye.

Jani la kushoto lilirudi mahali pake. Lakini udongo wa shimoni, ule mwekundu wa chini ambao hakuna mtu Katuba aliyekuwa ameujali, Wivine hakuumwaga. Aliuchekecha, akauloweka, na chini ya mizizi ya mti, chini ya zile simu zote, akachora ardhi ambayo ukuta ulikuwa hauna. Ndani yake akachora ile bastola ya kupimia, imelala chali, na kutoka mdomoni mwake limeota ua la zambarau iliyopauka.

"Maman," aliuliza Abigaïl, anashikilia beseni la maji ya kijani, "haya nimwage wapi? Tukimwaga pale pale, maua itarudi. Na muntu mwengine atakuya na mashine."

Wivine alifikiri huku anaosha brashi.

"Mwaga pale pale," alisema. "Akikuya, mupeleke mu choo. Mwambie achimbe."